Maswali ya Wasomaji: Duka la Babu, Miti ya Barabarani na Kiwanja cha Mtaa

Barua nyingi tulizopokea tangu toleo lililopita zimeelekea upande mmoja: majengo ya zamani ya miji yetu, na kivuli kinachozidi kupungua. Tumefupisha nne kati yake na kuzijibu hapa. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa tatizo linaloelezwa humo linaonekana karibu kila barabara ya katikati ya Kisumu.

Swali: Assalam aleikum. Marehemu babu yetu alituachia duka la mawe katikati ya Kisumu, lenye baraza pana mbele na nyumba ya kuishi nyuma. Tulibandua plasta ya zamani tukapiga ya saruji, kisha tukapaka rangi ya mafuta, lakini ukuta umezidi kuvuta maji na rangi inabambuka kila msimu wa mvua. Ndugu zangu wanasema jengo limekwisha, tulibomoe tujenge ghorofa tano za kukodisha. Mimi nasita. Je, jengo la namna hii linatengenezeka, na kuna faida gani kulihifadhi? (Mrithi mmoja, Kisumu)

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Kwa jinsi ulivyoeleza, jengo lenu halijafa, ila limezibwa pumzi. Kuta nyingi za mawe za enzi hizo hazikuwekewa utando wa kuzuia unyevu juu ya msingi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda polepole ndani ya mawe, na waashi waliozijenga walilijua jambo hilo. Walizipiga plasta ya chokaa kwa sababu chokaa hupitisha mvuke, na unyevu uliopanda hupata njia ya kutoka jua linapowaka. Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko mawe mengi inayobandikwa, maji hukwama nyuma yake, chumvi iliyomo ndani ya maji huganda na kuvimba, na siku plasta inapoanguka huanguka na uso wa jiwe. Rangi ya mafuta juu yake ni sawa na kumvalisha koti la mvua mtu anayetoka jasho.

Kabla ya kugusa ukuta, tazameni maji yanatoka wapi. Pandeni kwenye paa wakati mvua inanyesha, si wakati wa kiangazi, muone kama gata zimetoboka, kama mabati yamepishana vibaya, na kama maji ya paa yanamwagika karibu na msingi. Tazameni pia usawa wa barabara. Barabara inapotiwa lami mara kwa mara na njia ya miguu ikawekwa kabro, sakafu ya duka la zamani huishia kuwa chini kuliko nje, na kila mvua kubwa ya alasiri, ambayo Kisumu inaijua vyema, hurudisha maji ndani. Kasoro za aina hii zisiporekebishwa kwanza, hakuna plasta itakayodumu, iwe ya chokaa au ya kitu kingine chochote.

Baada ya hapo saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, kwa mkono, kwa kuwa mashine ya kutoboa hupasua mawe. Ukuta uachwe wazi ukauke, ikiwezekana kiangazi kizima. Plasta mpya ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vipimo vitatu vya mchanga safi wenye chembe kali, ikipigwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka likifunikwa gunia bichi ili lisikaushwe na jua kabla ya kushika. Juu yake hupakwa rangi ya chokaa. Chokaa si bidhaa ya kuagizwa mbali, maana mawe yake yanachimbwa Koru, mashariki ya Kisumu, karibu na Muhoroni. Kilicho adimu huku kwetu ni mkono wa kuitumia. Mafundi waliozoea kazi hii wako zaidi Lamu na Mombasa, na pengine kumleta mmoja kwa majuma machache awafundishe waashi wa hapa ni matumizi bora ya fedha kuliko kununua ndoo nyingine za rangi.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini zaidi. Sehemu kubwa ya Kisumu imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kama ukuta wenu una nyufa zinazopanda kwa mshazari kutoka pembe za milango na madirisha, na nyufa hizo hupanuka na kujifunga kulingana na misimu, tatizo liko kwenye msingi, na hapo mwiteni mhandisi wa majengo, msimwachie fundi wa plasta.

Sasa kuhusu faida. Wengi wanaotetea majengo ya zamani huanza na historia, na historia ipo: reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, na maduka ya mawe na mabati yakaota kuizunguka stesheni na bandari kwa sababu bidhaa zilishuka kwenye mabehewa na kupanda melini. Mnara wa saa wa Barabara ya Oginga Odinga, uliozinduliwa mwaka 1938, ni ukumbusho wa familia moja ya wafanyabiashara wa wakati huo. Lakini mimi ningewaambia ndugu zako habari ya baraza kwanza. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupiga utosini. Jua la namna hiyo halizuiliwi na ukuta. Huzuiliwa na kitu kilicho juu ya kichwa, yaani paa lililotokeza au tawi la mti. Waliojenga maduka yale walitokeza paa juu ya njia ya watu, wakampa mpita njia kivuli bure, na mpita njia aliye kivulini hupunguza mwendo, akatazama bidhaa, akaingia. Majengo mengi yaliyofuata yamesimamisha ukuta wa vioo pembeni kabisa mwa barabara, bila paa la mbele, na mchana watu huyapita mbio. Anayebomoa baraza anapunguza biashara yake na ya jirani yake pia.

Hatutakudanganya kuhusu hesabu. Kwenye karatasi, ghorofa tano huingiza kodi kubwa kuliko duka moja. Ila hesabu hiyo mara nyingi husahau miezi mingi isiyo na kodi wakati wa ujenzi, riba ya mkopo, gharama ya msingi unaostahili udongo mweusi, na vyumba vya juu vinavyokaa bila wapangaji. Ipo njia ya katikati ambayo familia nyingi hazijawahi kuonyeshwa: kuhifadhi duka la mbele pamoja na baraza lake, kisha kujenga ghorofa uani, juu ya msingi wake wenyewe, zikiwa zimerudi nyuma kiasi kwamba haziubebeshi ukuta wa zamani mzigo wowote. Jengo lililokarabatiwa si lazima liwe makavazi. Huko Nairobi, shirika la Book Bunk kwa ushirikiano na serikali ya kaunti limezifufua maktaba za zamani za mitaa ya Kaloleni na Makadara, na zimebaki kuwa maktaba. Duka lenu nalo lingebaki duka.

Kisheria, kama jengo halijatangazwa kuwa la urithi, mna haki ya kuomba ruhusa ya kulibomoa na kujenga upya, na ruhusa hiyo hutolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la urithi katika gazeti rasmi la serikali baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, na mwenye pingamizi hupewa miezi 2 kuliwasilisha. Likishatangazwa, hamwezi kulibadilisha bila kibali, lakini mnaweza kuandikiana na Makavazi makubaliano ya kulitunza. Wenye mali wengi huiogopa sheria hii kwa kusikia tu. Nendeni mkaulize kabla ya kuogopa. Na hata mkiamua kubomoa, tafadhali pigeni picha na kupima vipimo vya jengo zima kwanza, nakala moja mkaipeleke Makavazi ya Kisumu.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Nakuru, mkazi wa Bondeni. Kila mvua inapoanza tunapanda miche kando ya barabara, tunapigwa picha, na kufikia Januari karibu yote imekauka au imeliwa na mbuzi. Tupande miti gani? Vijana wengine wanasema hata mijakaranda ya mjini ing'olewe kwa kuwa ni ya kigeni.

Jibu: Mwalimu, kabla ya aina ya mti tuzungumze kuhusu shimo. Mche wa barabarani hufa mara nyingi kwa sababu umewekwa kwenye tundu dogo lililozungukwa na kokoto na kabro, ambamo mizizi haipati hewa wala maji. Acheni wazi mraba wa angalau mita 1 kila upande, chimbeni hadi sentimita 60, ondoeni vipande vya saruji vilivyoachwa na wajenzi, changanyeni udongo na mboji, na ukingo wa mraba uwe chini kidogo kuliko njia ili maji ya mvua yaingie humo badala ya kukimbilia mtaroni. Nakuru hilo lina uzito wa pekee. Maji hushuka kwa kasi kutoka miteremko ya Menengai, yakipitia mitaa hadi ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kwa hiyo kila mfuko wa plastiki na kila tone la mafuta lililobebwa na mtaro hubaki humo. Kila mraba unaonywesha maji ardhini unapunguza mzigo huo. Tahadhari ni kwamba udongo wenu wa majivu ya volkano una nyufa za chini kwa chini ambazo hufunguka baada ya mvua kubwa. Msielekeze maji mengi mahali ambapo ardhi imewahi kutitia.

Halafu kuna suala la nani atamwagilia. Mche unahitaji maji kwa viangazi viwili vya mwanzo, na jerikeni moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki inatosha, lakini ni lazima awepo mtu ambaye jerikeni hiyo ni yake. Kule ambako mipango hii imefaulu, kwa tunavyoona sisi, kila mti una mlezi anayefahamika: mwenye kibanda aliye karibu, kinyozi, mama wa mboga, wahudumu wa steji ya bodaboda. Yeye ndiye anayefaidi kivuli, na yeye ndiye anayeuona mbuzi akija. Serikali ilitoa siku ya mapumziko tarehe 13 Novemba 2023 ili taifa zima lipande miti, katika mpango wa miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na hatuna ugomvi na siku hiyo, ila tungependa pia siku ya mapumziko ya mwezi Februari, jua likiwa kali, ili taifa zima likamwagilie.

Kwa aina ya mti, siala, ambao majirani wa Kiluhya huuita lusiola, ni mti wa kwetu, una maua ya manjano, hauhitaji nafasi kubwa na unakubali hali ya Nakuru na ya Kisumu. Mwarobaini unafaa Kisumu kwenye joto. Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, baridi huusumbua. Mkuyu na mgunga wa manjano ni miti mizuri sana, lakini iwekeni bustanini au kwenye kiwanja cha shule, kwa kuwa mizizi na matawi yao hudai nafasi. Mikaratusi msiilete mjini kabisa. Na ule mti mwembamba mrefu unaopendwa mbele ya benki na mahoteli hauna kosa lolote isipokuwa moja, nalo ni kwamba haumpi mtu kivuli.

Mijakaranda iacheni. Ni kweli asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini mti uliokomaa ukikatwa leo, kivuli chake hakitarudi kwa miaka mingi. Mmoja unapokufa kwa uzee, wekeni siala mahali pake, na baada ya muda mji utakuwa umebadilika wenyewe bila kukaa uchi hata siku moja.

Swali: Ninauza viatu vya mitumba Kakamega. Kila tunaposikia bustani itakarabatiwa, sisi wachuuzi ndio wa kwanza kufukuzwa. Hizi bustani ni za nani, na kwa nini fedha zisiende kwenye mitaro na vyoo?

Jibu: Dada, malalamiko yako yana msingi, na wapangaji wa miji wanastahili kuyasikia kwa sauti kubwa kuliko tunavyoweza kuyaandika hapa. Mahali pa kujifunza ni Kairo, Misri. Mwaka 1984 Aga Khan aliahidi kuupa mji huo bustani, na eneo lililopatikana, takriban hekta 30, lilikuwa jaa ambamo vifusi na taka zilikuwa zikimwagwa kwa muda wa karne tano. Bustani ya Al-Azhar ilifunguliwa mwaka 2005. Katikati ya miaka hiyo yalichimbwa matangi makubwa matatu ya maji ya mji chini ya ardhi yake, ukuta wa mji wa karne ya 12 uliokuwa umezikwa na vifusi ukafukuliwa na kutengenezwa, na katika mtaa maskini wa jirani, Darb al-Ahmar, nyumba za watu zikakarabatiwa na vijana wa hapo wakafundishwa useremala na uashi katika kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiuliza kama fedha ziende bustanini au kwenye maji na nyumba, jibu la Kairo ni kwamba mpango ulioandaliwa vizuri haukutenganisha mambo hayo.

Karibu zaidi na kwetu, bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, na wauzaji wa chakula cha jioni walibaki kuwa sehemu yake. Ukiwaondoa, nani angeenda pale usiku? Muliro Gardens ya hapo kwenu Kakamega au bustani nyingine yoyote inaweza kupangwa hivyo: sehemu ya wachuuzi yenye paa, maji na choo, iliyochorwa kwenye ramani tangu mwanzo. Sheria ya Miji ya mwaka 2011 inawapa wakazi nafasi ya kutoa maoni katika mikutano ya wananchi. Nendeni mkiwa kikundi kilichosajiliwa, na daieni kuiona ramani kabla mkandarasi hajapatikana, maana baada ya hapo mtakuwa mnaongea na mabati ya uzio.

Swali: Mtaani kwetu Kisumu kuna kiwanja cha wazi ambacho watoto wamechezea miaka yote. Mtu fulani ameanza kumwaga mawe ya ujenzi. Tufanye nini?

Jibu: Fanyeni haraka, na fanyeni kwa maandishi. Nendeni ofisi ya mipango ya jiji mkaombe nakala ya ramani iliyoidhinishwa ya mtaa, muone kama kiwanja kiliandikwa kuwa cha umma, kisha ofisi ya ardhi mkaulize ni nani aliyesajiliwa. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma inatakiwa kujibu ombi lenu ndani ya siku 21. Ulizeni pia kama ruhusa ya kujenga imetolewa. Kama matumizi ya kiwanja yamebadilishwa, umma ulipaswa kutangaziwa, na kutotangaziwa ni hoja nzito upande wenu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 nayo inazitaka kaunti ziwe na bustani na maeneo ya miti, na ziwatake wajenzi wa mitaa ya nyumba watenge angalau asilimia 5 ya eneo lao kwa ajili hiyo.

Ofisi zikinyamaza, Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa Kisumu. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa Uhuru Park, hakuwa na ibara hizo za kumlinda; nguvu yake kubwa ilikuwa barua alizowaandikia wakubwa wa ndani na wafadhili wa nje, na mnara haukujengwa. Ninyi mna barua na Katiba pia. Kila barua mtakayopeleka ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, pigeni picha za kiwanja zenye tarehe kila mawe yanapoongezeka, na msiyaguse mawe hayo wala kubomoa uzio, kwa sababu mkifanya hivyo kesi itageuka na ninyi mtakuwa washtakiwa.